Karani wa Mashine ya Kusaga

Mke wangu aliandika hadithi miaka ishirini na sita, na zote aliziandikia mashineni. Nyumbani hakuweza.

Mashine ilikuwa ya kusaga nafaka, ya dizeli. Ikiwaka, bati la paa linacheza na mtu hasikii hata kikohozi chake. Mimi nilikuwa msagaji. Yeye alipokea madebe na magunia, akawapanga watu kwenye foleni, akakataa mahindi mabichi. Penseli haikumtoka sikioni, kwa hiyo wateja wakamwita Karani. Mimi wakaniita Bwana Unga. Majina tuliyopewa na wazazi yalibaki kwenye karatasi.

Mimi sikusoma. Yeye alifika darasa la nne, akatolewa akalee wadogo zake. Alisema darasa la nne linatosha kwa mtu asiyesahau.

Pembeni mwa mashine palikuwa na kasha la mbao la kuwekea vipuri. Kimo chake kilimfika kiunoni. Hapo ndipo alipoweka daftari, na hapo aliandika akiwa amesimama. Kwanza alivua ndala. Aliweka nyayo sakafuni, sakafu inatetemeka, akafumba macho. Siku moja, mashine ilipozimwa, nilimuuliza anaomba nini.

"Siombi," akasema. "Nangoja mashine inifike kichwani."

Ikishamfika, alisoma sentensi ya jana huku midomo ikicheza, ndipo akaendelea. Mteja akija, aliacha katikati ya neno, akapokea debe, akarudi kwenye lile lile neno. Unga ulimwangukia kichwani, ukaangukia na daftari. Aliupangusa kwa kiganja, akaandika juu ya alama ya kiganja.

Tulizungumza kwa mikono. Kusugua vidole viwili, maana yake unga bado mkubwa, rudisha. Kuvuta sikio, maana yake huyu anayekuja ni msemaji, usizime mashine. Mengine alisema kwa midomo tu nami nikaelewa. Midomo yake niliisoma miaka mingi kabla ya herufi.

Nyumbani ilikuwa hivi. Akikaa tu, sufuria inafurika. Mtoto analia. Mgeni anapiga hodi. Mimi nauliza shati langu liko wapi, kumbe nimelikalia.

Nilimuuliza, "Karani, hizi kelele za mashine hazikusumbui?"

"Kelele hii haina jina langu ndani yake," akasema. "Nyingine zote zina jina langu."

Nikacheka. Nilidhani ni maneno ya hadithi.

Jumamosi jioni tulipozima mashine, wateja walibaki wamekaa juu ya magunia, naye akawasomea alichoandika wiki ile. Alikuwa na hadithi fupi nyingi. Ndefu ilikuwa moja. Mwanamke mmoja amebeba mlango mgongoni. Mlango mzima, na bawaba zake. Anatembea kutoka mji hadi mji akitafuta nyumba yake, maana nyumba ilipotea, mlango ukabaki. Kila anapofika, watu wana lao la kumwambia. Wengine wanataka kuununua. Wengine wanataka aulaze wafanye meza. Mmoja alimwambia aufanye kitanda, apumzike. Akakataa.

Hadithi hii aliianza mwaka binti yetu alipoolewa. Ikafika madaftari sita. Watu wakawa wakikutana naye njiani hawamsalimii. Wanauliza tu, "Amepata nyumba?"

"Bado."

Palikuwa na mama mmoja muuza nafaka, mteja wetu wa tangu mwanzo, mtu wa sauti kubwa. Yeye alichoka.

"Karani, huyo mwanamke wako mpaka lini? Mgongo utamvunjika!"

"Ukivunjika nitakuita uje ubebe wewe."

"Mimi? Ningeshauchoma kuni kwenye daftari la kwanza!"

Watu wakacheka. Mke wangu alicheka pia, lakini tulipokuwa tunafunga aliniambia, "Hata mimi sijui anautua wapi. Nikifa kabla sijamtua, mtanizika na mlango mgongoni." Hakuwa anacheka tena. Alitaka kitu hicho kimoja. Mimi nilitaka akipate.

Kisha kifua changu kikaharibika. Daktari alisema unga umeingia mapafuni na nikiendelea mashineni nisimtafute tena. Binti yetu akaja, akaamua yeye. Mashine tukamuuzia yule mama muuza nafaka. Mke wangu alikunja daftari lake, akaweka penseli sikioni, tukarudi nyumbani.

Nilifikiri, sasa ndipo ataandika vizuri. Ikiwa ameandika madaftari sita kwenye makelele, kwenye utulivu si ataandika sitini?

Nikamjengea chumba nyuma ya nyumba. Meza nilimpa seremala vipimo mwenyewe. Kiti cha kuegemea. Dirisha nililielekeza kwenye ukuta wa jirani, ili asiwe na cha kutazama. Bawaba nilizipaka mafuta. Miguu ya kiti niliivalisha raba ya gurudumu isikwaruze. Redio nikampa binti yetu. Simu nikaizima, nikaitia kwenye soksi. Wajukuu wakija, nawaambia bibi yuko kazini, rudini mchana. Mimi mwenyewe nikakaa kwenye stuli nje ya mlango, miguu mitupu, nikilinda.

Fundi viatu wa ng'ambo ya njia alinitazama wiki nzima. Mwishowe akavuka.

"Bwana Unga, naona siku hizi hata kuku wako wanatembea kwa ncha za vidole."

"Sema polepole. Mke wangu anaandika."

"Anaandika au anaatamia?"

"Nenda ukashone viatu."

"Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, mzee mwenzangu."

"Wewe si chura. Chura hunyamaza mvua ikiisha."

Akaenda akicheka. Nami nikarudi stulini. Nilijiona mume wa maana.

Saa sita alitoka. "Imekwendaje?"

"Inakwenda."

"Kafika wapi?"

"Yuko njiani."

Kila siku hivyo. Miezi mitano.

Penseli zake nilizichonga mimi, tangu zamani, kwa kisu cha kukatia kamba za magunia. Mashineni penseli haikumaliza wiki tatu. Ilibaki kipande cha kushika kwa kucha, na hapo ndipo nilipotoa mpya. Asubuhi moja nikaichukua niichonge, nikaona ina ncha. Ncha ile ile niliyoichonga siku ya kufungua chumba. Nikaipima kwa kiganja. Nikairudisha. Baada ya wiki mbili nikaipima tena. Mtu aliyekaa miaka yote hiyo na madebe hadanganywi kwa kipimo.

Nilimwambia tukiwa tunakula.

"Karani. Penseli haipungui."

Akaendelea kutafuna.

"Hujaandika."

"Nimeandika mistari mitatu."

"Miezi mitano?"

"Na miwili nimeifuta."

Nikakasirika. Nakiri. "Nimekujengea chumba! Mle ndani hata nzi haingii!"

"Kweli haingii."

"Nimenyamaza mpaka koo limeota kutu!"

"Nakusikia."

"Unasikia nini, nami nimenyamaza?"

"Nakusikia unavyonyamaza, mzee." Akaweka kijiko chini. "Nasikia stuli inavyolia ukizuia kikohozi. Nasikia unavyomfukuza kuku kwa mkono bila kumwambia kishi. Nikiinua penseli, nasikia umeacha kupumua ili niandike. Basi nakaa mle namfikiria mtu aliye nje anayenifikiria mimi. Huyo mwanamke na mlango wake watapita wapi?"

Nikasogeza sahani pembeni.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulifurahi sana."

Siku ile sikumsemesha tena. Si kwa hasira. Nilikuwa nahesabu miezi.

Asubuhi yake nilikwenda mashineni. Nilisimama nje, mbali na vumbi, mpaka yule mama muuza nafaka akaniona, akazima.

"Bwana Unga! Umekuja kudai mashine yako?"

"Nimekuja kuomba kona."

"Kona gani?"

"Ya Karani. Pale penye kasha."

Akanitazama kama nimeuliza njia ya kwangu. "Mimi nilinunua mashine, kona sikununua. Kasha liko pale pale. Siku hizi wanaandika panya. Mlete, nami nijue huyo mwanamke anatua lini, maana nimebaki na deni la usingizi."

Mke wangu akaanza kwenda. Saa mbili asubuhi nilimsindikiza mpaka kwa fundi viatu, maana kuanzia pale vumbi la njia linanibana, kisha akaendelea peke yake. Alitembea kama msichana anayewahi kitu. Hakugeuka nyuma. Sikumlaumu. Mtu akigeuka nyuma hafiki.

Penseli ikaanza kupungua.

Mimi nikabaki na nyumba. Sikujua kwamba asubuhi ni ndefu namna ile. Nilifagia. Niliosha vikombe viwili, nikavipanga, nikavipangua. Upepo ukivuma upande wetu niliisikia mashine kwa mbali, nikajua yuko miguu mitupu, ameshafumba macho. Upepo ukigeuka nilikuwa sijui kitu. Nililionea wivu kasha la vipuri. Mtu mzima kama mimi.

Alirudi ana unga kwenye nyusi, ana njaa, anasema mpaka anasahau kumeza. Siku moja akaniuliza, "Unafanya nini nikiwa sipo?"

"Nakaa."

"Mtu hakai tu. Njoo."

Akaniingiza kwenye kile chumba, akanikalisha kwenye kile kiti, akanipa penseli. Hivyo ndivyo nilivyoanza kujifunza herufi, na miaka sabini nilikuwa nimeshaipita.

"Unaishika kama spana, Bwana Unga."

"Ndiyo ninayoijua."

"Herufi haifungwi. Ilegeze."

Kila asubuhi aliniachia kazi. Andika gunia mara kumi. Andika jina la binti yako. Akirudi anasahihisha kabla hajavua kitambaa cha kichwa. Nikikosea alisugua vidole viwili: bado mkubwa, rudisha. Nilikuwa mpole kama mtoto. Sijawahi kufurahi hivyo, na sikumwambia.

Basi siku moja akarudi kabla ya saa yake. Nilimwona kutoka mbali nikajua kuna jambo, maana alikuwa hana viatu. Ndala amezisahau mashineni.

"Nimemtua," akasema.

"Wapi?"

Akakaa, akafungua daftari la saba magotini. "Nikusomee?"

Hapo ndipo nilipokosea. La chumba alinisamehe. La hapa hakujua kuwa ni kosa, wala mimi sikujua.

"Hapana," nikasema. "Nitasoma mwenyewe."

"Madaftari saba, Bwana Unga."

"Najua kuhesabu."

"Unasoma kama unatwanga."

"Nipe mwaka."

Alinitazama. Nadhani alitaka sana kusoma siku ile. Sauti ilikuwa imeshamfika mdomoni. Lakini aliniona ninavyojivuna na herufi zangu, akafunga daftari. "Haya. Mwaka."

Na kwa sababu alishaniahidi, hakumsomea mtu mwingine. Yule mama muuza nafaka alimbembeleza, akamtishia, akaapa atampokonya kona. Mke wangu akamjibu, "Mzee ndiye wa kwanza. Mngojeni."

Miezi miwili baadaye akaugua. Alikaa hospitali wiki tatu. Nilikwenda na daftari la pili chini ya kwapa.

"Umefika wapi?" akaniuliza.

"Pale seremala anapomwambia mlango umeoza kona."

"Bado mbali." Akapumzika. "Nikuambie mwisho?"

"Ngoja upone."

Nilidhani namtunzia pumzi. Alinishika kidole nilichokuwa nasomea. Alifariki Jumatano, mimi nikiwa nimetoka kumjazia chupa ya maji.

Watu walikuja, wakakaa, wakaondoka. Binti yetu alibaki wiki nzima. Aliyaona madaftari mezani.

"Baba, nikusomee. Siku mbili tu tunamaliza."

"Hapana."

"Baba, acha ubishi."

"Nilimwambia nitasoma mwenyewe."

"Mama hayupo, baba."

"Ndiyo maana."

Akalia, nami sikujua kumnyamazisha. Kazi ile ilikuwa ya mama yake.

Nilikwenda kusomea chumbani. Sasa kilikuwa kimya kweli. Hapakuwa na mtu stulini. Nilikuwa nikiweka kidole kwenye mstari, nasoma neno moja, la pili, kisha nasikia hatua nje. Nainuka kutazama. Hakuna. Narudi, mstari umeshapotea. Au nafika kwenye neno gumu nainua kichwa nimuulize, na tayari nimeshafungua mdomo. Asubuhi nzima nilisoma mstari mmoja, nikainuka mara nne. Kelele za watu zina mwisho, watu huchoka. Nilichokuwa nakisikia mimi hakikuwa kelele, na hakikuchoka.

Nilijaribu kwenda mashineni. Kifua kikanirudisha mlangoni.

Basi nikafanya alivyofanya yeye. Nilivua viatu, nikaweka nyayo chini, nikafumba macho. Sakafu ya nyumba haitetemeki. Nikangoja hivyo hivyo. Nilikuwa nangoja niache kumsikiliza. Siku nyingine iliwezekana saa tatu, siku nyingine saa tano, siku nyingine haikuwezekana, nikaenda kumwagilia mchicha. Ikiwezekana, nasoma kwa sauti. Sauti yangu mbaya, ya vumbi, lakini ikiwa chumbani haibaki nafasi ya kusikia hatua. Mistari mitano kwa siku. Baadaye kumi. Kati ya kurasa mlikuwa na unga, na kidole changu kilikuwa cheupe kila nilipomaliza. Sikuupuliza.

Ilinichukua mwaka na miezi minne. Kwa hiyo hata angekuwepo ningeivunja ile ahadi.

Mwisho wake ni huu. Mwanamke anafika kwenye nyumba isiyo na mlango. Anakaa mzee mmoja, amening'iniza gunia mahali pa mlango. Wanapima. Mlango ni mpana kuliko nafasi, kwa vidole vinne. Mzee anasema, tuupunguze mlango, nina msumeno. Mwanamke anasema, nimeubeba miji yote hii, haukatwi hapa. Mzee anasema, basi si wa nyumba hii. Mwanamke anasema, sijui. Wanakaa chini, huyu huku, yule kule, mlango umelala katikati yao. Jua linasogea. Kisha mzee anainuka, anaingia ndani, anakaa huko muda mrefu. Anatoka na nyundo, anaanza kubomoa ukuta. Mwanamke anainuka kumsaidia kuokota matofali.

Basi. Chini yake amepiga mstari kwa rula.

Yule mama muuza nafaka ametuma mtu mara mbili kuuliza kama amepata nyumba. Nimemjibu ndiyo, aje Jumamosi, nitamsomea. Wengine pia wamesema watakuja. Nimeshajizoeza kurasa tatu za mwisho nisikwame.

Lakini mimi nina langu ninalotaka kuuliza, na hao hawatanijibu. Yule mzee alipoingia ndani akakaa muda mrefu, alikuwa anaitafuta nyundo, au nyundo ilikuwa pale karibu naye alikuwa amekaa tu, anafikiri? Nimeusoma ukurasa ule mara nyingi. Haukusema. Binti yetu anasema ni vile vile tu, baba, ametafuta nyundo. Fundi viatu anasema hajali. Karani angejua. Angenicheka kwanza, kisha angenijibu.